Simu Zilizong'ang'ania Jumanne

Katibu wa chama cha wafugaji nyuki alikuwa na tabia ya kugusa kioo cha kompyuta kwa kidole chenye mafuta ya sambusa na kusema, "Hapa." Nilimdharau tangu wiki ya kwanza. Tovuti ya chama nilikuwa nimeitengeneza mimi, kwenye chumba nilichopanga mtaa wa Chemchem. Niliamini kuwa Tabora nzima wanaoijua kazi hii wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na nusu yao ni wababaishaji.

Msimu huo siku ya kupokea asali kule Kaliua ilihamishwa kutoka Jumanne hadi Alhamisi. Nikabadilisha ukurasa kwa dakika tano. Kesho yake katibu akanipigia.

"Bado inasema Jumanne."

"Nimeshabadilisha, mzee."

"Sasa mimi nasoma nini, gazeti?"

Nikaenda ofisini kwake nimenuna. Kweli, kwake ilikuwa Jumanne, kwangu Alhamisi. Kivinjari chake kilikuwa kimehifadhi nakala ya zamani kwenye kache, akiba yake ya kurasa zilizowahi kufunguliwa, na kilimwonyesha hiyo badala ya kwenda kuchukua mpya. Nikabonyeza vitufe vitatu kwa pamoja kukilazimisha, Alhamisi ikatokea, nikaondoka bila kueleza. Ya nini kumweleza mtu anayezima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani?

Wiki iliyofuata, Jumanne, mimi na yeye tulikuwa Kaliua tukisafisha ghala. Ikafika bodaboda kutoka Ulyankulu ikiwa na mama mmoja na ndoo mbili za asali zilizofungwa kwa mpira. Shikamoo yangu ilitoka kavu.

"Marahaba, mwanangu. Mizani iko wapi?"

"Ni Alhamisi, mama. Tumeandika kwenye tovuti."

Akatoa simu. "Nimesoma humo humo. Haya, soma."

Jumanne.

"Hiyo ni ya zamani. Simu yako imeihifadhi. Inabidi ufute kache."

"Nifute nini?"

"Kache," nikarudia, kwa sauti ya mtu anayemtupia mbwa mfupa.

Mama hakukasirika. "Mimi sijaiambia simu ihifadhi kitu. Nani kaiambia?"

Swali liliniudhi kwa sababu jibu nililijua. Ni mimi. Nilipokuwa natengeneza tovuti, nikijua mtandao wa vijijini unavyosuasua, niliiagiza seva iambie kila simu itunze ukurasa mwezi mzima ili ufunguke haraka. Nikajiona bingwa, kisha nikasahau. Kila mfugaji aliyekuwa ameufungua karibuni alikuwa na Jumanne mfukoni. Na pale ofisini, nilipoiona hitilafu kwa macho yangu, niliifuta kwenye kompyuta moja tu, kwa kiburi, nikaenda zangu kunywa chai.

"Ni mimi, mama," nikasema. "Nisamehe."

Katibu alikuwa amesimama mlangoni na ufagio. Nilisubiri anicheke. Hakunicheka, akamwambia mama, "Ndoo zikae ghalani, nafunga mwenyewe. Alhamisi unapimiwa wa kwanza."

"Na wenzangu walioko njiani?" mama akauliza.

Nikafungua kompyuta yangu juu ya gunia, nikabadilisha agizo. Lakini hilo lingesaidia simu za baadaye. Zile zilizokwisha kuhifadhi zisingeiuliza seva chochote hadi mwezi wao uishe. Ilibaki kupiga simu. Katibu akanipa daftari lake la wanachama, limeandikwa kwa mkono, namba zote zikiwa sahihi. Nikapiga moja baada ya nyingine.

"Wewe ndiye yule wa kompyuta?" mmoja akauliza.

"Ndiye."

"Basi kompyuta yako ni ya ovyo."

Nikamkubalia, nikamwambia aje Alhamisi. Wengi niliwawahi kabla hawajatoka nyumbani. Mzee mmoja hakupokea simu, na saa kumi alasiri akatokea barabarani akisukuma baiskeli, madumu ya asali yakining'inia pande zote mbili. Katibu akanisogezea ufunguo wa ghala.

"Huyu mpokee wewe," akasema, akaingia ndani.