Mashavu ya Mama Mkwe

Reli ilipofika Morogoro nilikuwa tayari na banda langu la usonara, hatua chache kutoka mahali walipojenga stesheni. Nilikuwa kijana wa pwani, mtoto wa sonara, na nilipanda bara kwa sababu niliambiwa mji utakua na wanawake watataka vikuku. Nilifua vikuku, nikafua vipini vya pua, na kwa kuwa baba alinifundisha pia kuchonga pembe na jino la kiboko, wawindaji waliniletea visu vyao niwatilie mipini.

Nilioa huko huko. Mke wangu alikuwa Mluguru wa milimani, juu ya Mkuyuni, na nilipomwoa niliingia pia katika adabu za kwao. Mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali naye chakula, hakai naye baraza moja, na wakikutana njiani mmoja anageukia migomba mpaka mwenzake apite. Kwa hiyo baada ya miaka mitatu ya ndoa nilimjua mama mkwe kwa sauti yake na kwa miguu yake tu. Nilimwamkia shikamoo nikiwa nimeinama, naye akaitikia marahaba mwanangu kutoka nyuma ya ukuta, basi.

Asubuhi moja akaingia bandani Mgiriki mmoja, mkandarasi wa reli, ameziba mdomo kwa leso. Alipoitoa nilidhani ni mzee wa miaka sabini. Mashavu yake yalikuwa yamezama kama mtumbwi uliochimbwa, na ngozi ya chini ya macho ilining'inia. Akaniwekea mezani meno yake ya kubandika, yamevunjika vipande viwili. Yalikuwa yameshikiliwa na kitu chekundu, mpira mgumu kama pembe. Lakini kilichonivuta si meno. Kila upande, kwa nje, palikuwa na kinundu laini kisicho na jino, ukubwa wa kokwa ya tende.

Niliviunga vile vipande kwa ukanda mwembamba wa fedha na misumari midogo, kazi ya mchana kutwa. Alipokuja kuyachukua nikamwuliza kwa heshima vile vinundu ni vya nini. Aliyatia mdomoni, akayasukuma kwa kidole gumba, akanigeukia. Mashavu yalijaa. Ngozi ya chini ya macho ilipanda, mikunjo ya kando ya mdomo ikalainika, na mbele yangu akasimama mtu wa miaka hamsini. Aliondoka akicheka, nami nilibaki nimeshika tupa yangu ya kusugulia. Nilikuwa nimeona mtu akipunguza umri kwa vinundu viwili, na vinundu nilijua kuvichonga.

Nilifunga banda mapema nikaenda nyumbani kumsimulia mke wangu. Alikuwa anasonga ugali. Nilipofika kwenye mashavu ya Mgiriki aliacha kusonga, akaketi. Ndipo aliponieleza jambo ambalo hakuwahi kuniambia. Mama yake aliugua homa ndefu mwaka uliopita, na magego yote ya juu yakang'oka moja moja, kulia na kushoto. Yalibaki ya mbele tu. Mwili ulirudi lakini uso haukurudi. Mashavu yaliingia ndani, na yeye aliyekuwa akisifiwa uso milima yote ile sasa alitembea na kanga mpaka chini ya macho. Tena mwezi ule binti wa dada yake alikuwa mwali, amewekwa ndani, na siku ya kumtoa mama mkwe ndiye aliyetakiwa kutangulia mbele ya watu wote. Alikuwa amekataa. Alisema hatawaonyesha watu fuvu.

"Unaweza kumtengenezea?" mke wangu akaniuliza.

"Nitamtiaje mkono mdomoni mama mkwe wangu?"

"Mkono nitatia mimi. Wewe utasema tu cha kufanya."

Kulipopambazuka tulikuwa njiani. Nilibeba nta ya nyuki, kibuyu cha mafuta na vyombo vyangu, na sidhani nilihisi uzito wake. Tulipofika, mke wangu aliingia ndani kwa mama yake, wakakaa huko muda mrefu wakinong'ona. Nilikaa nje nimeegemea ukuta, nikiogopa kwamba nitafukuzwa. Kisha nikasikia sauti ya mama mkwe ikisema kwamba kama mkwe atakaa hapo hapo nje, yeye yuko tayari.

Kazi ikaanza, mimi upande huu wa ukuta, wao upande ule. Nilimwambia mke wangu aloweke nta kwenye maji ya moto mpaka ilainike kama unga uliokandwa, aipake mafuta, aikandamize juu ya ufizi na kaakaa, ahesabu pole pole, kisha aitoe bila kuipinda. Mara ya kwanza ilipinda. Mara ya pili mama mkwe alipiga chafya. Mara ya tatu mkono wa mke wangu ulitokeza mlangoni umeshika nta, na ndani ya nta ile niliona kila bonde la ufizi na alama za meno ya mbele. Nilikuwa sijawahi kumwona mama mkwe uso, na sasa nilikuwa nimeshika kinywa chake kiganjani.

Nilirudi mjini nikaijaza nta ile udongo wa kufinyangia, nikauanika, nikapata ufizi wa udongo wa kuchongea juu yake. Swali lililobaki ni mashavu yajae kiasi gani. Sikuwa na uso wa kupimia. Nilimwuliza mke wangu mama yake alikuwaje zamani, akasema, kila mtu anasema nimefanana naye.

Basi nikamketisha penye mwanga, mlangoni. Nikamshika shavu kwa vidole, kutoka chini ya jicho hadi pembe ya mdomo, nikitafuta pale nyama ilipoanza kuinuka na pale ilipokuwa nene kabisa. Haikuwa katikati ya shavu kama nilivyodhani. Ilikuwa juu zaidi, karibu na mfupa, halafu ikateremka taratibu. Nilikuwa nimeishi na uso ule miaka mitatu na sikuwahi kuujua. Alicheka akasema nimemfanya embe la sokoni, lakini hakuondoka.

Nilichonga siku nne. Nilikata jino la kiboko, nikatoa vipande viwili vilivyokaa juu ya ufizi na kujaa kwa nje, nikavisugua kwa majani ya msasa mpaka vikateleza. Nikaviunganisha kwa ukanda wa fedha unaopita kwenye kaakaa, na ncha zake nikazifanya vikulabu vya waya vya kushika chonge. Wateja waliokuja kuuliza vikuku vyao niliwaambia warudi wiki ijayo. Mmoja wao, mke wa askari wa boma, aliniuliza kama nimelewa.

Tulipovipeleka milimani nilikaa tena pale pale ukutani. Kisha mke wangu akaanza kucheka, akashindwa kujizuia, na mama mkwe naye akacheka kwa sauti iliyoziba. Mke wangu akatoka nje akanieleza huku akijifuta machozi kwamba mama yake anafanana na tumbili aliyeiba mahindi. Nilikuwa nimezidisha. Tena vilimbana, maana udongo ulipokauka ulinywea na mimi sikulifikiria hilo. Jioni ile ile ufizi ulikuwa umechubuka.

Niliona haya, lakini haya ile haikunipunguzia hamu hata kidogo. Nilijua kosa liko wapi. Tulichukua alama ya ufizi upya kwa nta, na mjini nikaenda kwa waashi wa stesheni kuomba jasi kidogo, ile nyeupe ya kutengenezea mapambo ya dari, ambayo hainywei. Nikachonga upya, nikipunguza chini na kuacha unene juu karibu na mfupa, kama shavu la mke wangu lilivyonifundisha. Zikiwa zimebaki siku tatu mwali atolewe, tukapanda tena.

Safari hii nilikuja na masizi yaliyochanganywa na mafuta. Mke wangu alivipaka vile vipande, akamvalisha mama yake, akavitoa, akanipa kupitia mlangoni. Pale masizi yalipofutika ndipo palipombana, na hapo ndipo nilipopiga tupa. Tulifanya hivyo siku nzima, vikienda na kurudi. Mwisho mama mkwe akasema havimwumi, lakini neno lenyewe lilitoka na mate na kitembe. Akaambiwa azungumze mfululizo. Siku ya pili nilimsikia akiwagombeza kuku, na kitembe kilikuwa kimepungua. Alikuwa pia ameacha kujifunika kanga ndani ya nyumba, mke wangu aliniambia. Nilimwomba aniambie uso ulivyo. Akanigeuzia shavu lake.

Siku yenyewe wanaume tulisimama upande wa chini wa uwanja, na mimi nikageuka upande wa bonde kama inavyonipasa. Ngoma zilipokaribia nilisikia wanawake wakinyamaza, kisha minong'ono ikaenea kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Bibi mmoja aliyekuwa karibu nami, wa rika la mama mkwe, alimwuliza mwenziwe huyu mbele ya mwali ni nani. Aliposikia jina alikataa. Alisema huyo alimwona mwezi uliopita na alikuwa amekwisha. Nilitazama migomba nikitabasamu peke yangu.

Halafu zikaja vigelegele. Mke wangu alikuwa amemkataza mama yake asipige vigelegele, maana hatukujua kama vikulabu vitashika. Nilijua sauti ile. Ilipanda, ikakatika ghafla, na moyo wangu ukakatika nayo. Baadaye niliambiwa kipande cha kushoto kilikuwa kimeteleza, akakirudisha kwa ulimi, mdomo umefungwa, huku akicheza. Nikaisikia tena, ndefu kuliko ya kwanza, na wanawake wote wakaipokea.

Alasiri mke wangu akaja kuniita. Mama anakutaka, akasema, nje, mbele ya nyumba. Nilikwenda nimeinama, nikaona miguu ninayoifahamu, na kando yake jogoo amefungwa kamba. Nikaamkia shikamoo.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Inua uso."

Sikuthubutu. Mjomba wa mke wangu, mkubwa wa ukoo, alikuwa ameketi kando, na yeye ndiye aliyenifafanulia kwamba jogoo yule ni wangu, na kwamba mtu akipewa kitu mkononi na mkwe wake, mwiko ule unafunguliwa. Mama mkwe akanikabidhi kamba.

"Uso huu umeutengeneza wewe," akasema. "Utaujua kwa kusimuliwa mpaka lini?"

Niliinua uso. Nilimwona mke wangu mwenye mvi. Mashavu yalikuwa yamejaa juu, karibu na mfupa, yakateremka taratibu hadi pembe za mdomo, na jua la alasiri lilikaa juu yake bila kuzama popote. Mikunjo ya macho ilikuwepo, sikuwa nimeigusa, na ilimpendeza. Upande wa kushoto ulizidi kidogo. Nikamwambia hivyo hivyo, kwamba ule wa kushoto unahitaji tupa.

Alicheka, akatia vidole mdomoni, akavitoa vile vipande pale pale mbele ya mjomba na watu wote, akanipa. Niliketi chini kwenye mkeka wake, jogoo amefungwa mguuni pangu, nikaanza kusugua. Mama mkwe akaketi mbele yangu, mashavu yamelala, hajajifunika, akawa ananiuliza kama meno ya kutafunia mahindi ya kuchoma nayo yanaweza kuchongwa.