Nilivyoumwa Jicho Kwenye Mtihani wa Shemeji

Hii stori inanidhalilisha, nakubali. Nikiisimulia kijiweni huwa ule upumbavu nampa jamaa wa kijiwe cha pili, mimi najiweka pembeni nacheka na wenzangu. Leo naisema ilivyo.

Mimi ni bodaboda, hapa hapa Nachingwea. Elimu yangu ni darasa la saba, na ule mtihani wa mwisho niliufanya kijanja: maswali yaliponishinda, nilisiliba B kuanzia juu mpaka chini, nikalala. Kwa hiyo ukiniambia kuna mtihani ambao mtu anapimwa mpaka anavyosalimia, lazima nicheke. Na ndivyo nilivyocheka siku madam mmoja wa chuo cha uuguzi, abiria wangu wa kila asubuhi, aliponiambia wanatafuta wagonjwa.

"Wagonjwa si wapo hospitali, madam?"

"Wale wanaumwa kweli. Mimi nataka wa kuigiza, kwa ajili ya mtihani wa wauguzi wanaosomea macho. Wewe mdomo unao, utatufaa."

Hao wanaosomea macho siyo watoto wa shule. Ni wauguzi kamili, wameshachoma watu sindano miaka na miaka, halafu wanarudi darasani kusomea jicho. Jicho tu! Mwaka mzima! Na mmoja wao alikuwa shemeji yangu, mke wa kaka. Alikuwa amemwacha kaka Ruangwa na watoto watatu, na kaka ndiye aliyekuwa anawapikia. Ugali wa kaka unaweza kuzibia ukuta. Watoto walikuwa wameshaanza kumwomba Mungu kwa sauti, baba mwenyewe akisikia, mama amalize shule arudi.

Sasa shemeji alikuwa ameshafeli mtihani wa vitendo mara moja. Alifeli kwenye jicho lililoingiwa na kitu cha kuunguza. Huu ulikuwa wa kurudia, na akianguka tena hapo, anaanza mwaka upya. Hilo nililijua mimi, kaka, na majirani wote waliokuwa wanakula ule ugali kwa huruma.

Kabla ya mtihani madam alituita wagonjwa wote akatuuliza, "Kuna mwenye ndugu yake kati ya watahiniwa?"

Nikanyamaza. Nilijiambia ndugu ni mtu wa damu, na damu ya shemeji ni ya kwao Masasi. Halafu kichwani nilikuwa nimeshapiga hesabu: ndani tuna mtu wetu, shemeji anapita kama maji.

Madam akatueleza mtihani unavyokwenda. Kuna vyumba, wenyewe wanaviita vituo, na kila kituo kina kazi yake. Kengele ikilia mwanafunzi anaingia, ikilia tena anatoka, awe amemaliza au bado. Msahihishaji anakaa pembeni na karatasi yake, haongei, hacheki, anatiki tu. Umesalimia, tiki. Umenawa mikono, tiki. Umeuliza ni jicho lipi, tiki. Lakini kipo kipengele kimoja cha kufa na kupona: kitu cha kuunguza kikiingia jichoni, unaosha kwanza, mengine yanasubiri. Ukianza kumpima mtu kama anaona herufi za ukutani huku jicho linaungua, basi hata ungepatia mengine yote, kituo kizima umefeli.

"Na mgonjwa hajibu ambacho hajaulizwa," madam alisema, akiniangalia mimi. Sijui kwa nini mimi.

Mimi nilipewa kuigiza mbangua korosho. Mafuta ya ganda yamenirukia jicho la kulia. Hapo sikuhitaji kufundishwa, huku kwetu nani hayajui yale mafuta? Yakikugusa mkono yanakuachia kovu utafikiri pasi. Na msahihishaji wa kituo changu alikuwa madam mwenyewe.

Wanafunzi wa kwanza niliwafanyia kazi safi. Kitambaa jichoni, naguna kidogo, "Sista, jicho." Akiuliza namjibu, asipouliza nabaki kuguna. Mmoja wao alinishika mkono moja kwa moja mpaka kwenye ule ubao wa herufi. "Baba, hii unaiona?" Nikachungulia kwa madam: kalamu imesimama kama imekata moto. Nikasema moyoni, huyu ameshaenda na maji, na maji yenyewe hajayagusa. Hapo ndipo uoga ukaniingia. Kumbe huu ndio mtego uliomla shemeji.

Kengele ikalia. Akaingia yeye.

Aliponiona akasita kama mtu aliyekuta nyoka chooni. Halafu akajikaza, akanawa mikono, akanisogelea.

"Habari za asubuhi, baba. Mimi ni muuguzi, nitakuhudumia leo."

Baba! Huyu huyu ambaye jana yake alinifukuza na mwiko kwenye chumba alichopanga hapa mjini kwa kumalizia maharage.

Hapo nilitakiwa niseme "Sista, jicho," basi. Lakini nikauona ule ubao wa herufi nyuma yake unamsubiri. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Sista, mafuta ya korosho yamenirukia jicho la kulia, sasa hivi tu, sijaosha, hakuna dawa inayonidhuru, miwani sijawahi kuvaa, na maji hayo hapo nyuma yako!"

Yote kwa pumzi moja. Nikamkonyeza kwa jicho zima. Nilijiona nimeokoa ukoo.

Nikachungulia kalamu ya madam. Imelala. Hakuna tiki hata moja.

Ndipo nikaelewa. Maksi hazikuwa kwenye majibu, zilikuwa kwenye maswali. Nilikuwa nimemlia shemeji maksi zake kama nilivyomlia maharage. Yeye aliliona hilo kabla yangu, maana alinikata jicho moja kali halafu akaanza mwanzo, kama sijasema kitu.

"Pole sana, baba. Jicho lipi linakusumbua?"

"Si nimeshasema la kulia?"

"Kimeingia nini?"

"Korosho, sista! Mafuta! Osha!"

"Baba, naomba utulie. Nikikuuliza ndiyo unijibu."

Madam akatiki. Mpaka leo sijui kama kuna kipengele cha kumnyamazisha mgonjwa.

Shemeji hakuugeukia ubao hata kidogo. Alinilaza, akaniwekea beseni shavuni, akachukua chupa ya maji ya chumvi. Sasa, wagonjwa tulikuwa tumekubaliana na madam kwamba kwenye mtihani maji yanamwagwa shavuni tu. Shemeji akanipanua kope kwa vidole viwili akayaelekeza katikati ya mboni.

"Angalia juu. Chini. Kushoto. Usifumbe, baba."

Kalamu ya madam ilikuwa inakimbia sasa. Tiki, tiki, tiki. Alikuwa anapita! Ningevumilia kidogo tu tungekuwa tumemaliza. Lakini maji yakaniingia mpaka puani, nikapiga kelele:

"Shemeji, utanipofusha!"

Kalamu ikasimama.

"Umemwitaje?" madam akauliza. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia sauti toka mtihani uanze.

"Mimi, madam, mwanamke yeyote namwita shemeji. Mazoea ya kijiweni."

"Wote waliotangulia umewaita sista."

Shemeji ndiye aliyejibu, kope yangu bado iko mkononi mwake.

"Ni mdogo wa mume wangu, madam. Nilipomkuta humu nilidhani mnajua."

Madam akaikunja ile karatasi. "Maksi za kituo hiki hazihesabiki. Utarudia mchana, mgonjwa mwingine, msahihishaji mwingine."

Tiki zake zote zile, zimekwenda. Shemeji akauliza kwa upole, "Naruhusiwa kumalizia kumuosha?"

"Malizia," madam akasema.

Akamalizia. Chupa nzima.

Mimi nikatolewa, nafasi yangu akapewa mlinzi wa getini, mzee wa Kimakonde ambaye ukimsalimia anajibu kesho. Nikakaa kwenye pikipiki yangu nje, jicho jekundu kweli sasa, kila anayepita ananipa pole. Mchana shemeji akatoka. Nikapiga starter. Akapita mbele yangu kama gari la maiti, bila kunitazama, akapanda boda ya mpinzani wangu.

Hakuniongelesha mpaka matokeo yalipotoka. Siku hiyo akanipigia, neno moja: "Njoo." Nikambeba na mabegi yake mpaka Ruangwa, njia nzima kimya, nisijue nimebeba aliyefaulu au aliyefeli. Tukaingia uwanjani kwa kaka, watoto wakamkimbilia wakamkumbatia mpaka pikipiki ikataka kuanguka. Kaka akauliza kwa macho tu. Shemeji akatikisa kichwa kukubali, kaka akakaa chini palepale kwenye mchanga.

Ndipo shemeji akanigeukia.

"Yule mlinzi alisema neno moja tu: jicho. Mengine yote nikamchimbua mwenyewe, nikapata maksi zangu zote. Wewe mwakani wakikuita tena, shemeji, nenda kaumwe kwa mke wa mtu mwingine."