Likizo ya Mtumbwi Niliyoiharakisha

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hadi leo naikumbuka nikisikia kafi likigonga ubavu wa mtumbwi. Nilikuwa na mwaka mmoja tu wa ndoa. Mume wangu, Komora, alifanya kazi katika mashamba ya umwagiliaji kule Hola, na nyumbani kwetu Wenje alionekana kwa nadra. Mara hiyo alipewa likizo ya wiki mbili. Akaniambia, “Mke wangu, safari hii tusipande basi. Tushuke na mto mpaka Garsen, tuvue njiani, tulale kwa jamaa.”

Nilikubali, lakini moyo wangu ulikuwa umeshafika Garsen, sokoni, kwenye vitenge. Ujana una macho ya mbali. Cha karibu haukioni.

Siku ya pili tukafika Ndera, kwa shangazi yake. Hapo palikuwa na mfereji waliouchimba wazee kwa majembe, unaotoka mtoni hadi kwenye ziwa dogo lililojaa mayungiyungi. Komora aliingiza mtumbwi humo, akatupa mshipi, akaninong'oneza nisitikise maji. Akapata perege watatu na kambare mmoja mnene. Alicheka, mwanangu! Sikuwahi kumwona akicheka vile. Tuliporudi ukingoni akasema tukae siku nne.

“Siku nne!” nikamaka. “Kwani samaki gani asiyepatikana sokoni? Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.”

Shangazi alikuwa akiparua magamba. Hakuinua kichwa. “Binti, methali hiyo umeitupa pasipo pake. Mumeo hatafuti samaki. Anatafuta siku za kukaa nawe.”

Nilinuna. Komora akakunja mshipi polepole. “Basi, tutarudi mwakani,” akasema. Kulipokucha tukaondoka. Nilichonunua Garsen, Mungu ni shahidi, sikikumbuki.

Mwaka uliofuata mvua zilikataa, mfereji ukawa tope. Kisha nikawa na mimba, kisha wana, kisha kilimo, kisha maradhi ya kifua yaliyomchukua Komora kabla hajaota mvi. Mto nao ukahama, kama ilivyo desturi yake. Juzi nilipanda pikipiki hadi Ndera. Ziwa lile sasa ni shamba la mahindi. Nilisimama katikati ya mabua, bibi mzima, nikatega sikio nisikie kicheko kile. Upepo tu.

Basi nakuusia: siku ya kuwa na umpendaye usiipime kwa mwendo wala kwa pale mnapokwenda. Kazi fanya, sokoni nenda, lakini mwenzio akikwambia “tukae kidogo,” keti. Liwezekanalo leo lisingoje kesho, kwa maana kesho ina wenyewe.

Mungu akujalie mtu wa kukuomba ukae, na akupe moyo wa kumwitikia angali hai. Amina.