Salamu Ndani ya Bahasha ya Malipo

Kwenye mlango wa ghorofa ya sita huko Bredäng, chini ya jina la Mswidi mwenye mkataba, palibandikwa kipande cha plasta kilichoandikwa NABINTU kwa wino mzito. Haikuwa plasta ya kwanza. Hortense Nabintu, mzaliwa wa Bukavu, mpishi msaidizi katika shule ya watoto wadogo, alikuwa ameziacha nyingine kwenye milango ambayo hapendi kuitaja. Aliishi kama wengi wetu tunavyoishi Stockholm, katika nyumba ya mtumba: mwenyewe kaivaa kwanza, kachoka nayo, kakupangisha, na siku akiitaka tena unaivua.

Alichokitaka Hortense hapa duniani, baada ya amani ya Kivu ambayo hakuitegemea, ni mlango ambao jina lake limechapwa na mwenye jengo. Alikuwa kwenye foleni ya nyumba ya jiji tangu binti yake Colombe akiwa ananyonya. Foleni hiyo haina jua wala purukushani. Unajiandikisha, unalipa ada kila mwaka, unazeeka.

Deni alikuwa nalo moja tu, la kitanda. Alikinunua cha Colombe, chenye droo chini, katika duka la samani ambako kijana mwenye tai alimkopesha kwa kadi na kumwita kwa jina lake la kwanza kama mtu aliyechunga naye mbuzi. Kadi ilikuwa ya benki fulani. Kila mwezi ilikuja bili, na kila mwezi Hortense aliipeleka kwenye dirisha la malipo la serikali, pale karibu na kituo cha treni, kwa mama mmoja wa Kiswidi mwenye miwani ya mnyororo.

Hortense hakuwahi kusukuma pesa kabla ya salamu. Kwao, mtu anayekupa pesa bila kukuuliza umeamkaje ama anakuhonga ama anakutukana. Alimwuliza mama yule habari za magoti, kwa kuwa aliwahi kumwona akichechemea. Mama yule akajibu habari za magoti kwa kirefu, watu wa nyuma wakakohoa, kisha muhuri ukashuka, pu! Karatasi yenye muhuri ikaenda nyumbani kukaa kwenye kopo la biskuti. Ulikuwa mfumo uliokamilika, kwa hiyo serikali ikaufunga.

Madirisha yalifungwa nchi nzima mwishoni mwa mwaka 2008. Maelezo yalikuwa kwamba watu siku hizi wanalipia kwenye kompyuta. Hortense aligundua hivyo kwamba yeye si watu. Benki ilikuwa imemtumia kidude cha kutoa namba za siri, mfano wa kikokotoo kilichonyimwa chakula. Alikiweka kabatini pamoja na vitu vingine vilivyokuja bila kuitwa, akachagua njia iliyobaki: bahasha ya malipo. Unatia bili yako ndani, unaweka sahihi, unaipeleka kwenye sanduku la njano la posta, na benki inakata pesa kwenye akaunti yako.

Tatizo ni kwamba bahasha haina magoti ya kuulizia hali. Hortense alilitatua kwa kuandika barua. Aliiandika kwa Kiswidi alichofundishwa darasani, ambako mwalimu alisisitiza kwamba barua njema huanza kwa salamu. *Wapendwa wa Benki,* aliandika. *Natumaini ninyi na watoto wenu hamjambo. Baridi ya huku Bredäng imezidi. Ninaleta pesa ya kitanda ya mwezi huu. Mungu awazidishie.* Kisha akaibana kwenye bili kwa kibanio cha chuma ili zisiachane njiani.

Bili iliyofuata ilikuja na ongezeko: ada ya kuchelewa.

Hortense alishangaa, maana bahasha aliituma mapema. Akalipa pesa ya kitanda, ada akaiacha, na katika barua ya mwezi huo akaeleza kwa heshima kwamba hakuchelewa, labda posta ndiyo ilikuwa na msiba. Benki ikakaa kimya. Sasa, kwao, mtu uliyemweleza jambo lako vizuri, akapokea, akanyamaza, amekubali. Angekuwa amekataa angetuma mtu. Mwezi uliofuata ada ikaja tena, na mwenzake. Hortense akaeleza upya. Barua zikawa ndefu. Nyingine zilifika hadi habari za mavuno.

Baadaye zikaanza kuingia bahasha kutoka kampuni yenye jina asilowahi kulisikia, wakidai ada zile kwa niaba ya benki.

"Sikopi kwa watu nisiowajua," alimwambia Colombe. "Hawa wametupata wapi?"

Colombe, aliyekuwa ameanza umri wa kuvaa nyeusi, alimjibu kwa Kiswidi kwamba inabidi zisomwe.

"Nimesoma. Hawakusalimia."

Zikaenda kwenye kopo la biskuti. Ya mwisho ilitoka ofisi ya serikali ya madeni, ile ambayo jina lake hutamkwa kwa sauti ya chini hata kanisani. Iliambatana na karatasi ya kutia sahihi kwamba ameipokea. Hortense alitia sahihi na kuirudisha siku hiyohiyo, maana kukataa kupokea barua ni utovu wa adabu.

Masika ya 2010 foleni ilisogea hadi kwake. Nyumba ilikuwa Jakobsberg: vyumba viwili, jiko, dirisha la kutazama reli. Alikwenda kuiona na Colombe. Akafungua kitenge alichojitanda, akakitandaza sakafuni kupima mahali pa kitanda. Kikaenea, na nafasi ya kuvuta droo ikabaki. Jumapili alitoa shukrani kanisani, jambo ambalo mwenye busara hulifanya baada ya kupewa funguo. Wiki iliyofuata akapata jibu la mwenye jengo. Lilikuwa fupi: mwombaji ana alama ya kutolipa madeni.

Alimwita Okech. Okech alikuwa Mkenya wa kanisani kwao, mhasibu, aliyeletwa na mke Mswidi, kisha mke akaondoka na yeye akabakiziwa nchi. Alikaa jikoni, akamwaga kopo la biskuti mezani, akasoma hadi chai ikapoa.

"Aki, Mama Colombe. Hii ulitia sahihi?"

"Walileta, nikasema nimepokea. Wewe ungesemaje, ndugu Okech?"

"Ningekataa! Kuna kisanduku hapa cha kukataa deni. Usipokijaza, wanachukulia umekubali."

Hortense akaitazama karatasi. Kumbe nao walikuwa na desturi ileile.

"Na si ulikuwa unalipa kwa wakati?" Okech akauliza.

"Mapema kabisa. Na barua juu."

"Barua gani?"

Akamweleza. Okech akaweka kikombe chini taratibu.

"Nyinyi Wakongo! Mnaiandikia benki kama mnaenda kuposa."

"Na nyinyi Wakenya mnalipa kama mnatoroka."

Okech alicheka peke yake, kisha akapiga simu benki, akaiweka mezani wote wasikie. Ulipigwa muziki wa furaha kwa muda mrefu usio wa furaha. Mwishowe akapatikana kijana, mpole, kama wote wanaolipwa kutoa habari mbaya. Okech alisikiliza na kutafsiri, ingawa Hortense alikuwa akielewa. Kuna maneno ambayo mtu hupenda yapite kwanza kwa mwingine.

"Anasema bahasha zako zilifika mapema. Lakini zinafunguliwa na mashine. Mashine ikikuta kibanio, ama karatasi isiyo ya malipo, inaitupa pembeni. Hapo inangoja mtu aifungue kwa mkono, akipata nafasi. Ndiyo tarehe inapita."

"Kwa hiyo kuna mtu."

"Yuko."

"Mwulize kama alizisoma."

"Mama, hilo halitusaidii..."

"Mwulize."

Okech akauliza. Upande wa pili yakaja maneno machache.

"Anasema karatasi zisizohusika hawaziweki."

"Wanazipeleka wapi?"

"Wanazichana."

Hortense alianza kuzirudisha karatasi kopoani, moja moja, zenye muhuri chini, zisizo na muhuri juu. Okech alimwambia, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba haitoshi, kwamba ada zile zikilipwa leo deni la ada litakwisha leo. Alama itakaa miaka mitatu. Mahali pake kwenye foleni pako palepale, ila hakuna mwenye jengo atakayempa mkataba kabla alama haijafutika.

"Na Jakobsberg?"

"Watampa aliye nyuma yako."

"Awe na kitanda kizuri," Hortense akasema, na haikujulikana kama ilikuwa baraka.

Msiba haupendi kuja peke yake. Kabla ya baridi yule Mswidi akaitaka Bredäng yake. Hortense akabandua plasta, akafungua kitanda, akatia skrubu kwenye mfuko wa friza, akahamia Rissne, kwenye chumba kimoja kwa mjane wa Kirundi aitwaye Libérate. Libérate alikuwa na jina lililochapwa mlangoni, na alilipangusa vumbi mbele ya wageni. Chumba kilikuwa chembamba. Kitanda kilienea baada ya kugeuzwa mara kadhaa, lakini droo zikaelekea ukutani, hazikufunguka tena. Nguo za Colombe zikakaa kwenye mifuko.

Jioni moja wakafika kwenye malipo ya mwisho ya kitanda hicho. Kidude kilitolewa kabatini, Libérate akawaazima kompyuta. Wakakaa kitandani, maana pengine pa kukaa hapakuwapo. Colombe akaandika namba, kidude kikatoa namba, akaziandika na hizo.

"Ngoja," mama akasema. "Hapo pa ujumbe, andika hamjambo."

"Panakubali namba tu."

"Andika jina langu basi."

"Mama, namba tu."

Akabonyeza. Kompyuta ikasema malipo yamepokelewa, upesi kuliko kupiga chafya.

"Hata hodi hatujapiga," Hortense akasema.

"Hakuna mtu ndani, mama." Hilo Colombe alilisema kwa Kiswahili, labda ili lieleweke.

Hortense akaitazama kompyuta kwa muda. Aliitazama kama alivyowahi kulitazama dirisha la kituoni asubuhi alipolikuta limewekwa ubao.

"Basi miaka yote hii," akauliza, "nilikuwa nadaiwa na nani?"

Colombe akarudi kwenye Kiswidi, akasema betri inakwisha.