Tandu Begani mwa Kaka

Miaka ile ya vyama vingi, mimi na kaka yangu tulikuwa hatuamkiani. Yeye alikuwa na chama chake, mimi changu, na sote tulikuwa tukitembeza wageni katika msitu wa Ngezi. Siku moja akaja mama wa Kizungu aliyetaka kuwaona popo wakubwa wa Pemba, ikabidi tumpeleke pamoja.

Njia nzima tulisemezana kwa kumpitia mgeni. Kaka akiona kima mtini, humwambia mgeni, “Mwambie huyo wa nyuma asikanyage majani makavu.” Nami humwambia mgeni, “Mwambie nimemwona kabla yake.” Mgeni alijua Kiswahili cha kuamkia tu, akawa anacheka na kutuitikia “ndiyo” sote wawili.

Alipoondoka, tukabaki peke yetu getini. Nikamwona tandu anapanda begani mwa kaka, anaelekea shingoni. Nikatazama huku na huku, hapakuwa na mtu wa kumpitishia maneno. Nikampiga kaka kofi la bega, tandu akaangukia majanini.

Kaka hakumwona. Mpaka leo anasimulia kwamba nilimpiga kwa ajili ya chama, nami bado namtafuta mtu wa kunipelekea jibu.