Ng'ombe wa Kabla, Ng'ombe wa Baada

Mimi ndiye mtu wa kwanza Nyamwaga kumpandisha ng'ombe kwenye bango. Wapo watakaobisha, na wabishe. Bango bado linaning'inia kwenye kona ya duka langu, jua limelipausha kidogo, lakini herufi zinasomeka hata na mtu aliye juu ya pikipiki isiyo na breki. Kushoto KABLA, kulia BAADA. Chini ni namba yangu ya simu na picha yangu ndogo ya enzi nilipokuwa na nywele, na chini ya namba kuna maneno niliyoyatunga kwa kichwa changu hiki hiki, bila kumuuliza mwalimu: MBAVU NI ZA KUFUNIKWA.

Mimi niliishia darasa la nne. Nalisema kwa sauti, kwa sababu wenzangu waliobaki mpaka mwisho leo wanapanga foleni kununua pumba kwangu. Nauza chakula cha ng'ombe. Nachanganya pumba za mahindi, mashudu ya pamba, chumvi, na vitu vingine viwili ambavyo sitaviandika hapa maana majirani zangu wanajua kusoma. Ng'ombe aliyekonda akila mchanganyiko wangu, ananenepa. Shida ilikuwa moja tu: watu hawakuamini. Mkurya anafuga tangu babu wa babu yake, sasa utamwambia nini kuhusu ng'ombe? "Mura, ng'ombe anakula majani," walikuwa wananiambia, kisha wanaondoka wanacheka.

Akili ya bango niliipata saluni. Nilimsindikiza mke wangu Tarime mjini kusuka, nikakaa kwenye benchi. Ukutani kulikuwa na picha mbili za mwanamke mmoja. Katika ya kwanza nywele zimesimama kama kiota cha kunguru, katika ya pili zimelala zinang'aa mpaka mabegani. Nikatazama ile, nikatazama hii. Nikarudi kwa ile.

"Baba watoto," mke wangu akaniambia, kichwa kikiwa mikononi mwa msusi, "hayo macho yatakutoka."

"Mama watoto," nikamjibu, "huyu mwanamke ni ng'ombe!"

Nilitolewa nje kabla sijapata nafasi ya kueleza, nikamsubiri mke wangu juani, nikiwa na furaha kama mtu aliyeokota dhahabu.

Nyumbani nilikuwa na mtamba mwekundu niliyemnunua mnadani akiwa mifupa mitupu. Begani ana doa jeupe, kama vile mtu alimmwagia uji. Nilikuwa nimempiga picha siku ile ya kwanza, kumtania tu yule aliyeniuzia. Sasa alikuwa ameshajaa. Nikamwosha kwa sabuni, mwanangu akashika kamba, mimi nikashika simu. Ng'ombe hakutaka kusimama ubavu. Nikienda kulia, naye anageuza uso kulia, anataka kuonekana macho. Alipotulia alikuwa ameshatafuna mkono wa shati la mwanangu, na ukiangalia vizuri kwenye bango utauona unaning'inia mdomoni. Sikuukata. Ni ushahidi kwamba ana hamu ya kula.

Jamani! Bango halijamaliza wiki, watu wakaanza kuja. Walikuja hata wachimbaji wa Nyangoto, watu wa mikoa mingine kabisa, waliobahatika kidogo shimoni wakanunua ng'ombe na sasa hawajui pa kumshika. "Bosi, nipe mfuko wa ile ya Baada." Picha ikaingia kwenye magrupu ya simu, watu wakaiweka stetasi. Vijana wa bodaboda wakimwona mwenzao mwembamba wanamwita Kabla. Na yule mtamba mwenyewe akapata jina, mtaa mzima ukamwita Baada. Nikipita naye kwenda josho watoto wanapiga makofi. Sijawahi kuona diwani akipigiwa makofi namna ile.

Basi, nikiwa kwenye kilele hicho, mwanangu akasema anataka kuoa.

Binti ni wa Kenyamonta, kule Serengeti, na mwanangu alimpenda mpaka akaanza kupiga pasi fulana. Tukaenda, tukaongea, tukakubaliana idadi ya ng'ombe. Ikabaki jambo moja: wazee wao waje kwangu kuwakagua ng'ombe zizini. Mimi nikawa nasubiri siku hiyo kama sikukuu. Nilijua watamwona Baada, watazimia.

Walikuja watatu. Aliyewaongoza alikuwa baba mdogo wa binti, mtu mrefu mwenye fimbo mkono mmoja na simu mkono wa pili, na sijui kipi alikishika kwa nguvu zaidi. Wakala, wakashiba, tukaenda zizini. Nikamtanguliza Baada. Yule baba mdogo akalitazama doa la begani. Akafungua simu. Akatazama simu, akatazama ng'ombe. Akawaonyesha wenzake.

"Huyu tunamfahamu," akasema.

"Nani asiyemfahamu!" nikasema mimi, kifua mbele.

"Naomba kuuliza, ndugu yangu. Sisi tunapewa Kabla au tunapewa Baada?"

Nikacheka. Nikaona sicheki na mtu.

"Tunapewa Baada, sawa," akaendelea. "Ni Baada kwa sababu yuko hapa anakula kama mgeni wa harusi. Akifika kwetu akala majani kama ng'ombe wa Mungu, si anarudi kuwa Kabla?"

"Lakini wako wengine, wachagueni mnaowataka."

"Hao ndio wananitisha kabisa. Huyu mmoja nimeona mbavu zake kwenye simu. Hao wengine mbavu zao umezificha wapi?" Akawageukia wenzake. "Zizi zima ni Baada. Baada ya nini, hatujui."

Wale wazee wakacheka wakashikana mabega. Kisha akatoa neno zito. Kuna familia nyingine, ya kule kule Kenyamonta, imeshapeleka ombi kwa binti huyo huyo. "Ng'ombe wao hakuna mtu amewahi kuwapiga picha," akasema, kama mtu anayesifia chuo kikuu.

Mwanangu alikuwa ameegemea mti wa lango. Hakuongeza neno ila moja: "Baba. Wewe na bango lako."

Mimi nimetukanwa na wengi maishani, wengine wakiwa na elimu ya kutukana, lakini hilo liliingia. Na hapo ndipo mtu wa darasa la nne anapojulikana. Badala ya kubembeleza, nilipandisha sauti:

"Nileteeni ng'ombe wenu aliyekonda kuliko wote Kenyamonta! Muwe mmemfuga wenyewe, mnamjua wenyewe. Akinenepa kwangu, ni kazi ya chakula, si uganga, na chakula kitamfuata huko anakokwenda. Mtachukua zizi langu kama lilivyo, Baada akiwa mbele. Asiponenepa kabla mvua hazijaanza, mpeni binti hao wasiopigwa picha."

Mke wangu aliyekuwa anakusanya sahani alizikusanya mara ya pili, zote zikiwa zimeshakusanywa.

Yule baba mdogo akafikiri. "Yupo mmoja kwa mama yangu," akasema, na wale wengine wawili wakaanza kucheka hata kabla hajamaliza.

Aliletwa na pikapu. Ng'ombe mweusi, na nikisema ng'ombe nampa heshima. Ukimtazama kwa mbele humwoni. Kwa ubavu unaweza kutundika koti. Watu walimhurumia. Mimi nilirukaruka! Kabla kama yule hapatikani mnada wowote. Nilimpiga picha upande huu, upande ule, kwa nyuma, nikamshukuru Mungu.

Kisha akakataa kula.

Nilimwekea mchanganyiko, akaunusa, akageuza uso. Majani mabichi ya migomba, hataki. Mabua, hataki. Siku ya pili vilevile. Bwana mifugo akaja, kijana aliyepangiwa kwetu kutoka Kilimanjaro, akampa dawa ya minyoo, akampima joto, akamfungua mdomo. "Mzee, huyu hana ugonjwa," akaniambia. "Ana mawazo." Mwanangu akasikia hilo, akatoka zizini, akaenda kukaa peke yake nyuma ya jiko. Ng'ombe na bwana harusi, wote hawali.

Mwanangu ndiye aliyempigia binti kumweleza. Binti akasema jambo ambalo baba yake mdogo hakulisema: huyo ng'ombe kalelewa kwa chupa na bibi yake, na bibi huongea naye kila asubuhi ndipo ale. Nikaomba namba. Nikapiga, nikaweka spika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye wa picha?"

"Ndiye mimi, mama."

"Ng'ombe wangu umempiga picha?"

"Nyingi sana, mama."

"Amekula?"

"Hapana, mama."

"Sasa hizo picha za nini, za matanga?" Zizi zima tukasikia. "Mwekee hiyo simu sikioni."

Nikamwekea. Bibi akaanza kwa Kingoreme, kwanza polepole, halafu kwa kufoka. Masikio ya ng'ombe yakasimama. Akalia kilio kirefu, akasukuma kichwa, simu ikaniponyoka ikazama kwenye hori, ndani ya pumba. Na ng'ombe akaifuata! Alikula kushoto kwa simu, akala kulia kwa simu, akala juu ya simu, na bibi anaendelea kufoka kutoka chini ya pumba kama mtu aliyefukiwa. Nilipoitoa ilikuwa imejaa mashudu. Nikaifuta.

"Anakula, mama! Umemwambia nini?"

"Nimemwambia asinitie aibu, huko kwenu kuna wapiga picha."

Tangu hapo kila asubuhi tulikuwa na kikao watu watatu: mimi, bibi na ng'ombe. Bibi akimaliza kuongea naye ananigeukia mimi. Maji umempa? Ya jana au ya leo? Usimfunge karibu na kuku, hapendi kelele. Namba yangu nimempa dunia nzima, lakini hakuna mteja aliyewahi kunitumikisha kama yule. Na mweusi akajaa. Kwanza mgongo ulilainika, kisha nyonga zikafunikwa, kisha manyoya yakaanza kung'aa mpaka nzi wakawa wanateleza. Kila Jumamosi nilipiga picha, mwanangu akishika kamba, na kila Jumamosi na yeye alikuwa ameongezeka uzito kidogo.

Mawingu ya mvua yalipoanza kujikusanya, wale watatu wakarudi. Nilifungua tu lango, nikajiweka pembeni, kama mtu anayefungua pazia.

Yule baba mdogo alimzunguka mweusi mara moja. Akamzunguka tena.

"Huyu siye," akasema.

"Nini?"

"Umetubadilishia. Wa mama yangu namjua, alikuwa na mgongo kama msumeno. Huyu ni wa mnadani."

Ona mambo haya! Kwa Baada walisema nimenenepesha mno wakaogopa, na kwa huyu nimenenepesha mpaka amewapotea. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha zote, Jumamosi moja baada ya nyingine.

"Picha!" akasema, akitazama wenzake. "Hata wewe kwenye bango lako una nywele."

Mwanangu akashika kichwa. Niliona wazee wale wanatafuta fimbo zao, na nikajua wakitoka langoni pale, binti ameondoka nao.

Hapo pikipiki ikasimama nje. Alikuwa ni bibi mwenyewe. Mke wangu alikuwa amempigia tangu jana yake bila kuniambia, akamtumia na mtu wa kumleta. Mwanamke mfupi, kitenge kimefungwa kifuani, vumbi la barabara mpaka kwenye kope. Hakuingia. Alisikia mabishano, akabaki nyuma ya nyumba ambako ng'ombe hamwoni.

"Nyamazeni," akasema. Akaita, mara moja tu, kwa lugha yake.

Mweusi alikata kamba. Alipita katikati ya wazee, akapindua kiti alichowekewa baba mdogo, akamwaga soda, akazunguka nyumba. Tulipofika alikuwa anamlamba bibi usoni, kilemba kimeshaanguka.

"Ee, umenenepa mpaka unanukia kama hoteli," bibi alikuwa anamwambia. Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe, maziwa yake umekunywa miaka yote hii, leo humjui?"

Baba mdogo alikuwa anafuta soda kwenye suruali. "Namjua, mama."

"Sasa binti anasubiri nini?"

Hakusubiri. Ng'ombe waliondoka Nyamwaga kwenda Kenyamonta, Baada mbele kama nilivyoahidi, mifuko yangu kadhaa ikiwafuata kwenye pikapu kama zawadi. Harusi ilikuwa ya kelele. Mwanangu alicheza hata nyimbo ambazo hazikuwa na ngoma.

Juzi hapa, niko dukani, simu ikalia ujumbe. Ulitoka kwa baba mdogo. Kufungua, naona picha mbili zimeunganishwa. Kushoto ni Baada, na nyuma yake ni zizi langu, picha ileile niliyochapisha kwenye bango, na mkono wa shati unaning'inia. Juu yake ameandika KABLA: NYAMWAGA. Kulia ni Baada huyo huyo, doa la uji limetanuka, ana ndama pembeni, mnene mpaka amejaza simu yote. BAADA: KENYAMONTA.

Nilimwonyesha mke wangu, akacheka mpaka akakaa kwenye mfuko wa pumba. "Umepata mwenzako," akasema.

Nikampigia palepale. "Mura! Huyo umemlisha nini?"

"Majani," akasema.

Na nyuma yake, kwa mbali, nikamsikia bibi: "Ni wa picha huyo? Mwambie alete mifuko mingine, ile imeisha."