Msuli wa Mzee na Goti Langu

Sikuomba kuandika. Yule binti wa mazoezi ya viungo ndiye aliyenikalia kooni: mama, wenzako wanalia na magoti yao hapo kwenye benchi la kusubiri, waandikie. Nikamwambia shule mimi niliiona kupitia dirishani, na kusoma nimejifunzia kwenye vibandiko vya nyuzi. Akasema hivyo hivyo. Haya basi. Herufi zikipinda, pindeni shingo.

Mimi ni fundi wa nguo. Sare za shule, mapazia, gauni la bibi harusi aliyenenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuolewa, vyote vimepita mkononi mwangu na hakuna aliyewahi kurudi kulalamika. Akirudi, ni mwili wake uliokosea. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, chuma kitupu, na iko juu ghorofani, kwenye chumba chenye dirisha pana, maana huko mwanga ni wa bure. Chini ndiko tunakokaa na mzee wangu, baba watoto. Yeye alikuwa fundi saa. Siku hizi kazi yake ni kustaafu, na anaifanya kwa bidii.

Goti lililoharibika ni la kulia. Asubuhi lilikuwa linagoma kama punda, mchana linakubali kwa shingo upande, jioni linadai malipo. Nikilikunja linalia kre, kre, mpaka mzee anauliza nani kafungua mlango. Wanasema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi cha mvunguni kilikuwa kiatu changu, na kuinama hakupo, basi nikawa natoka na viatu visivyofanana na kumwambia kila anayeshangaa kwamba ndiyo mtindo.

Binti yangu mkubwa amesoma, na anajua kila kitu isipokuwa kunyamaza. Siku moja akanikuta nimekaa katikati ya ngazi, juu siendi, chini sirudi. Akalia pale pale. Alipomaliza kulia akaanza kupanga maisha yangu. Kwanza, nikabadilishwe goti, niwekewe la chuma. Nikamuuliza hili la zamani watalipeleka wapi, akaendelea kuhesabu vidole. Pili, kama sitaki kisu, basi mwisho wa mwezi anakuja na wabebaji, cherehani inashuka na kwenda kwa wifi yake anayetaka kujifunza, nami nipumzike. Akanimalizia kwa methali, eti asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Mkuu katika nyumba hii ni nani?" nikamuuliza. "Ni mimi. Na guu ni langu."

Lakini moyoni niliogopa. Namjua huyu mtoto, nimemzaa mwenyewe, ukaidi kauchukua kwangu bila kuomba. Akisema anakuja, anakuja. Na cherehani ikishuka ngazi zile, mimi nimeshuka nayo. Fundi asiye na cherehani ni bibi kizee tu, anayesubiri kuulizwa kama amekula.

Nikaenda kwa daktari wa mifupa. Akaiangalia picha ya goti langu kwenye mwanga, akasema lile tandiko laini katikati ya mifupa limelika, lakini halijafika pa kukatwa. Wako wanaokatwa wakapona vizuri, wala si aibu, ila mimi nianze na mazoezi kwanza. Akaniandikia niende kwa binti wa viungo.

Chumba chake kina kitanda kimoja, kioo kirefu na pazia lililoshonwa vibaya. Binti mwenyewe mwembamba kama uzi. Akaniambia nipunguze mwili. Nikamwambia mwili huu nimeuchuma kwa jasho. Akasema nipunguze hivyo hivyo. Nitembee na fimbo, tena niishike mkono wa kushoto, upande usiouma. Kiti cha cherehani nikiinue. Halafu, maana foleni ilikuwa ndefu na alikuwa na haraka, akasema: asubuhi, mchana na jioni, lala chali, kaza msuli wa paja, shika hapo, kisha achia.

Sikumuuliza mara mbili. Fundi anapima mara moja.

Wewe unayesoma pengine una akili za kidaktari. Mimi msuli ninaoujua ni ule anaojifunga mzee wangu akienda kulala. Nilipofika nyumbani nikauanua kwenye kamba, ule wa bluu wenye miraba, nikalala chali, nikauzungusha kwenye paja, nikaukaza kwa fundo la kifundi. Nikashika. Nikaachia. Mguu ukawa rangi ya bilinganya. Nikasema hewaa, dawa imeingia. Ukaanza kufa ganzi na kunitambaa kama sisimizi, nikasema hao sasa wanayabeba maumivu.

Mzee alikuwa na misuli miwili. Mmoja nikaufanya dawa, wa pili nikauweka akiba kwa siku ile wa kwanza uko majini. Akavumilia, akavumilia, mwisho akauliza vazi lake liko wapi. Nikamjibu kwa mkato kwamba ni amri ya daktari. Uso ukambadilika.

"Huyo daktari," akasema, "msuli wangu kaujulia wapi?"

Wivu ulimwingia mwanamume yule kwa mara ya kwanza tangu tuoane, nami nikauacha umkae siku chache, si vibaya. Ila kwa kukosa cha kujifunga akapanda juu kimya kimya, akachukua sketi ya mteja wangu, mwalimu wa kwaya, mama mwenye mwili wake. Kijani, marinda mazito. Akakaa nayo kibarazani anasoma gazeti, mguu juu ya mguu. Na siku hiyo hiyo mwalimu wa kwaya akaja kuifuata. Alisimama akamtazama mzee juu mpaka chini, kisha akaniambia kwa upole kwamba sketi imekaa vizuri, ila yeye angependa upindo ushuke kidogo.

Siku ya kurudi kwa binti wa viungo, goti lilikuwa baya kuliko mwanzo. Akanishangaa. Akaniambia hebu nionyeshe unavyofanya. Nikapanda kitandani, nikautoa msuli kwenye mkoba, nikaufunga. Nilikuwa nimeuzoea, nafunga bila kutazama. Binti akageukia ukuta. Nikaona mabega yanatikisika, nikadhani analia, nikajua basi goti langu halina dawa.

Alipogeuka, macho yamelowa. "Mama, huo ni msuli wa nani?"

"Wa mume wangu. Si ulisema nikaze?"

"Nilisema wa mwilini, mama. Nyama. Hii hapa, juu ya goti."

Mimi sikuzoea kukosea mbele ya watoto. Nikamtazama bila kupepesa, nikamwambia ungesema nyama. Akafikiri, akakubali kwamba kweli, angesema nyama. Tungeishia hapo kwa heshima, lakini pazia lile si pazia, na nyuma yake benchi zima lilikuwa limesikia. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba yeye aliambiwa apumzishe kifundo, sasa ana hofu ni kifundo kipi. Kicheko kikaanza nje, kikaingia ndani, kikanikamata na mimi. Nilicheka kitanda kikalia kre kuliko goti.

Tulipotulia, binti akaukaza uso. Akaniambia nisirudie kujifunga vile, damu ikizuiwa mguu unaweza kuharibika kweli. Akakunja taulo, akaliweka chini ya goti, akanishika paja, akasema likandamize taulo. Nikalikandamiza, na ile nyama ikasimama chini ya mkono wake. Wallahi nimetembea na mguu huu umri wangu wote, sikujua una kitu ndani yake kinachoitika nikikiita.

Basi nikaanza upya. Taulo asubuhi, mchana, jioni. Kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Sukari nikaipunguza, nikawa mkali kama pilipili, nyumba nzima ikajua. Fimbo niliikataa, fimbo ni ya wazee. Nikachukua mwavuli wangu mrefu, nikaushika kushoto, jua linawaka. Jirani akiniona nimetoka nao anakimbia kuanua nguo. Mzee, aliporudishiwa mali yake, moyo ukatulia akajifanya sajini, anaketi kando ya kitanda na kuniamrisha kaza, achia, utadhani goti ni jeshi.

Msidhani lilipona kama taa inavyowashwa. Zilikuwepo siku za baridi nilizolala na kitambaa cha moto gotini, nikameza kidonge alichoniandikia daktari na kuwatukana wote wawili, daktari na kidonge. Siku nyingine nilipanda ngazi mbili tatu nikarudi chini. Kwenye ngazi binti wa viungo alinifundisha hivi: kupanda, mguu mzima utangulie, kushuka, mgonjwa utangulie. Nikawa naimba hivyo kila hatua.

Mwisho wa mwezi ukafika, na mwanangu akafika nao, asubuhi mapema, na wanaume wawili wenye mabega na kamba. Mimi wakati huo niko juu, kiti nimekiinua kwa mbao, nakanyaga. Mlio wa cherehani ukamkuta mlangoni. Baba yake yuko kibarazani, kimya, anajifanya hajui kinachoendelea katika dunia hii.

Nikasikia kutoka chini, kwa hasira: "Nani anachezea cherehani ya mama?"

Nilikuwa katikati ya mshono, na mimi mshono siukatizi. Nikaufikisha mwisho, nikakata uzi.

"Mwenyewe."

Alipanda mbio. Akasimama mlangoni anatazama goti, ananitazama mimi, anarudi kwenye goti. Akaniuliza nimepandaje. Nikamwambia kwa miguu, kwani yeye hupanda kwa nini? Hakucheka. Akasema hajaona kwa macho yake, basi nishuke, nipande tena.

Nikashuka. Mgonjwa mbele, mkono kwenye ukingo, polepole. Nikageuka. Nikapanda, mzima mbele, na yeye nyuma yangu kanyoosha mikono kama mtu anayesubiri mtungi uanguke. Katikati, pale pale aliponikuta ile siku, goti likalia kre. Nikamsikia amevuta pumzi. Sikusimama. Tulipofika juu jasho lilikuwa linamtoka yeye kuliko mimi.

Alikwenda akaichukua ile kamba begani kwa mbebaji, akaikunja. Kisha akatoa masharti: ukingo wa pili upande wa ukutani, na siku goti likinishinda kweli, nisikilize habari ya kisu bila matusi. Ukingo nimeukubali. La matusi bado tunazungumza. Wale wanaume, kwa kuwa walikuja na nguvu zao, wakanipandishia majora ya vitambaa yaliyokuwa yamekwama chini miezi.

Goti langu si jipya. Hata sasa linauma, ila linauma likiwa kazini.

Sasa wewe wa kwenye benchi. Nimeziacha sare za watoto zimelala ili nikuandikie, na kama umesoma mpaka hapa umekaa tu, umenidhulumu. Nyoosha mguu huo. Kaza nyama ya juu ya goti, shika, achia. Rudia, usinidanganye. Halafu inuka bila kushika benchi, umpishe mwenzako akae asome.